Salalah kwa gari na mtoto wa miaka miwili: tunajitafutia balaa?

MwanaTanga_Sharjah

Salaam wapendwa. Naomba ushauri wa waliowahi kwenda wenyewe. Wa kusikia ninao wa kutosha hapa jengoni.

Tuko Sharjah mwaka wa nne sasa. Mume yuko kazini, mimi nipo nyumbani na kijana wetu, anatimiza miaka miwili tarehe 19 Julai. Joto limeshafika ile hatua ambayo ukifungua bomba la maji baridi yanatoka ya kukorogea uji. Mtoto hajakanyaga nje mchana tangu mwishoni mwa mwezi wa tano. Matembezi yake ni kusukumwa kwenye kigari ndani ya maduka yenye AC, tunazunguka mizunguko mitatu kama wafungwa wanaonyoosha miguu, tunarudi.

Sasa mume kapata siku tisa mwanzoni mwa Agosti na wenzake wamemjaza maneno ya Salalah, kule kusini mwa Oman: khareef (msimu wao wa manyunyu), ukungu, maporomoko, majani kijani mpaka baharini. Anataka twende kwa gari. Anasema ni kilomita 1,200 tu, tukiondoka saa tatu usiku mtoto atalala njia nzima, mchana wa kesho yake tumeshafika. Mimi nimekulia Tanga na mabasi nayajua. Nahisi anajidanganya, ila sina ushahidi wa kumwekea mezani.

Ndege tumeangalia. Angekuwa bado hajafika miaka miwili angepakatwa kwa nauli ndogo ya kitoto, lakini kwa tarehe zetu atakuwa ameshavuka, kwa hiyo ni kiti kamili. Wiki mbili tu zimetuponza. Nauli ya watatu inakaribia kodi ya fleti ya siku zote tutakazokaa.

Je, kuna aliyekwenda kwa gari na mtoto wa umri huu? Usiku au mchana? Na tukifika, mtoto wa miaka miwili anafanya nini huko zaidi ya kulowa?

---

AbuSafari

Dada, sisi tulitoka Abu Dhabi saa kumi na mbili jioni, saa mbili asubuhi tuko Salalah tunakunywa chai. Watoto wawili nyuma, wote walilala. Mtoto si yai.

Kitu cha maana ni bima ya gari. Ya kwenu inaweza kuwa haifiki Oman. Mwambie mume aombe ile kadi ya rangi ya chungwa kutoka kwa wenye bima wake, na aitoe ikiwa imechapishwa kwenye karatasi. Gari likiwa na deni la benki au ni la kampuni, awe na barua pia. Visa ombeni mapema kwenye tovuti ya Polisi wa Oman, na mtoto awe na yake mwenyewe. Pasipoti zote ziwe na miezi sita mbele. Nimeona familia imegeuzwa mpakani saa nne usiku kwa ajili ya pasipoti ya mtoto mchanga. Mama analia, mtoto analia, baba yuko kwenye simu.

---

Bi_Mawaleh

Mdogo wangu, ushahidi unao mie. Nipo Muscat mwaka wa kumi na mbili, Salalah kwa gari nimekwenda mara tatu, mbili na mtoto wa kubeba. Ya kwanza tulifanya hivyo hivyo anavyotaka shemeji.

Mwanangu alikuwa na mwaka na miezi minane. Kulala alilala, sitosema uongo. Kutoka Nizwa mpaka Haima hata hakugeuka. Saa saba za usiku tukaingia sheli kutia mafuta, taa zile nyeupe zikampiga usoni, akafumbua macho, akatabasamu. Nikajua tumekwisha. Aliamka kama mtu aliyelala siku nzima akiwa na shughuli zake za kufanya. Kuanzia hapo nikakaa naye kiti cha nyuma naimba. Nyimbo za watoto zikaisha, nikaingia za harusi, nikamalizia na za msiba. Baba yake mbele anajipiga makofi ya shavu asisinzie.

Na njia yenyewe usiku haina kitu. Hakuna kona, kilima wala mji, ni giza na mstari mweupe. Unanyooka saa nzima bila ya kuzungusha usukani, na huko kunyooka ndiko kunakoleta usingizi. Halafu ngamia. Rangi yake ni ya mchanga, miguu mirefu, taa za gari zinapita chini ya tumbo, hivyo unamwona akishafika. Baada ya Qitbit tulipishana na mmoja. Ukiniuliza alikuwa mbali kiasi gani sijui, mie nilichokiona ni magoti. Magoti mawili, yana sugu nyeusi kama soli za viatu, usawa wa kioo changu. Mume akasogeza gari pembeni, akashuka, akakaa kwenye changarawe. Hakusema neno. Tukabaki pale mpaka kulipopambazuka, mtoto ndio kwanza anataka kucheza.

Tena hiyo si hatari ya mwisho. Ukitoka Thumrait una kama kilomita 80 za kumalizia. Jangwa linaendelea mpaka unafika ukingo wa mlima, kisha ghafla mbele kuna kitu kama ukuta mweupe umejengwa barabarani. Ndio ukungu. Unaingia na joto la jangwa, dakika chache baadae upo kwenye nyuzi 24, kioo kimelowa, gari la mbele unaliona taa zake tu, na hapo unashuka kwa kona kali kuelekea bahari. Aliyeendesha usiku kucha anakutana na hili akiwa amechoka kuliko saa zote za safari. AbuSafari walifika salama, alhamdulillahi, lakini kufika salama mara moja hakuifanyi njia kuwa nzuri.

Mara ya pili tulikata safari mara mbili, na nyie fanyeni hivyo. Tokeni baada ya swala ya alfajiri, piteni Al Ain na mpaka wa Mezyad, Ibri, kisha mkaikamate ile barabara kuu ya kutoka Adam. Mtoto akikubali, laleni Haima. Asipokubali, Adam. Haima msitegemee kitu, ni mji wa kulala na kutia mafuta, lakini vyumba vya msimu wa khareef vinajaa, wekeni mapema. Kesho yake mnatoka alfajiri tena na mchana mpo Salalah. Sheli zipo Ghaba, Haima, Ghaftain, Qitbit, Thumrait. Kila mnayoiona, jazeni, hata kama tangi lina nusu.

Mchana mtasema jua. Kweli, nje ni arubaini na kitu. Ndio maana hamsimami ovyo barabarani. Migahawa ya njiani ya Oman ina vile vyumba vya familia vyenye zulia na mito, mnakula chini, mlango mnafunga. Agiza wali na kuku, muache mtoto akimbie kuta kwa kuta nusu saa. Hiyo nusu saa inanunua saa mbili za utulivu garini. Sisi tulisimama kila baada ya saa mbili, alie asilie, na kwenye kiti chake cha gari hakutolewa hata aliponyoosha mikono ya kunililia. Hapo ndipo pagumu kwa mama. Mie nilimgeukia mlango nikajifanya naangalia jangwa.

Deli la barafu liwe karibu yako, lisiwe kwenye buti: chupa za maji uliyogandisha, ndizi, chapati zilizokunjwa kavu, maziwa. Na nguo za kubadili za mtoto ziwe mbele. Zangu zilikuwa chini ya masanduku matatu na jiko la mkaa. Tulipoanza kona za kushukia alitapika maziwa yote kuanzia kidevuni mpaka kwenye mkanda wa kiti, na mie nikaingia Salalah na mtoto aliyevishwa fulana ya baba yake. Saa mbili kabla ya mlima msimpe maziwa. Biskuti kavu na maji, basi.

Sasa ulichouliza, mtoto anafanya nini. Mwaka wa kwanza tulikuwa na orodha. Siku moja tulitaka kumaliza kaburi la Nabii Ayubu kule juu mlimani, ufukwe wa Mughsail, na bonde la Wadi Darbat, ambazo ni pande mbili tofauti za mji. Mtoto alilia kote kutatu. Picha zote za siku ile ana kamasi. Mwaka wa pili ikawa sehemu moja kwa siku: tunatoka saa moja asubuhi, saa tano tumerudi, analala, jioni tunatoka tena kutafuta mishkaki. Darbat asubuhi mapema unaipata wewe na ngamia. Ukienda alasiri unapata foleni ya magari ya Ghuba nzima, na mtoto amefungwa kitini anaiangalia nyasi kwa dirishani.

Kigari kiacheni nyumbani. Ni matope na utelezi. Mie nilimfunga mgongoni kwa khanga, mbeleko yetu ile ile. Bibi mmoja wa Kidhofari (Dhofar ndio mkoa wenyewe wa Salalah) akanisimamisha kwenye chemchemi ya Ayn Razat, akanizunguka nyuma, akaivuta khanga kidogo kuona kama itafunguka. Ikagoma. Akacheka, akaniitia mabinti zake waje kuona.

Na nenda kwenye mabanda ya matunda yaliyo kando ya mashamba ya mjini. Sikuhadithii kwa ajili ya mtoto, nakuhadithia kwa ajili yako. Minazi imeinama juu ya bati, migomba nyuma, mapapai yamepangwa, ndizi ndogo zinaning'inia kwa mikungu. Muuzaji akachukua dafu, akalipiga panga tatu, la nne akalitoboa. Yale maji yaliyomrukia mkononi, na ile harufu ya kumbi mbichi na udongo uliolowa! Nilikuwa sijarudi Unguja miaka mitano. Nikamgeukia mume nimwambie kitu, sauti haikutoka. Mtoto yeye aliramba dafu, akatema, akataka mrija tu.

Bahari msiiguse. Msimu huu inakuja na hasira, mawimbi yanapiga mwamba maji yanaruka kuliko nyumba. Julai 2022 pale Mughsail watu waliovuka uzio kwa ajili ya picha walisombwa, na watoto walikuwamo. Mtoto asishushwe chini pale hata dakika moja.

---

NesiMstaafu

Bi Mawaleh kamaliza. Naongeza ya dawa tu.

Beba kipimajoto, paracetamol ya maji na bomba lake la kupimia (pima kwa uzito wa mtoto, si kwa kijiko cha chai), na pakiti za ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini). Soma kwenye pakiti inataka maji kiasi gani, kwa sababu nyingine ni za lita moja na nyingine ni za mililita 200, watu wanachanganya. Akitapika, subiri dakika kumi, halafu kijiko kimoja kimoja. Usimpe kikombe kizima kwa sababu amekiomba, kitarudi chote. Pampasi ikikaa kavu saa sita au nane, au akilia bila machozi, usisubiri, tafuta hospitali.

Maji ya Darbat na chemchemi msiogelee, mtaona mabango. Kichocho kiliwahi kuwa tatizo la Dhofar. Wenye asili ya mabonde yetu mnajua habari yake.

Koti jepesi la mvua na soksi nyingi. Watu wanatoka kwenye nyuzi 45 wakiwa na kaptula, wanafika mtoto anatetemeka.

---

BabaMapacha_Doha

Nyote mwasumbuka bure. Agosti ni baridi nzuri pwani kwetu. Pesa ya fleti, mafuta, bima, visa na hoteli ya Haima jumlisha, ongeza kidogo, mpeleke mtoto kwa bibi yake. Mie wangu nawapeleka Mombasa kila mwaka. Mvua ataiona, kuku atawakimbiza, na Kiswahili atakisema. Salalah ni Pwani ya kuigiza.

---

Bi_Mawaleh

Baba Mapacha, siku tisa! Toa mbili za ndege, toa moja ya kulala, toa mbili za shangazi wanaotaka kumwona mtoto, toa ya mtu aliyefiwa ambaye lazima uende. Zimebaki ngapi? Nyumbani watu huenda mwezi. Tena hiyo "ongeza kidogo" yako, wewe unaijua nauli ya Agosti wenye watoto wa shule wakirudi?

Ila la Kiswahili sibishani nalo.

---

MwanaTanga_Sharjah

Ahsanteni wote. Dada Bi Mawaleh, nimemsomea mume kile kipande cha magoti ya ngamia kwa sauti. Alinyamaza, akasema "nitaangalia hoteli." Baba Mapacha, kwa bibi tunakwenda Desemba, inshallah, na nauli umenitonesha kidonda.

---

MwanaTanga_Sharjah *(wiki tano baadaye)*

Tumerudi salama, alhamdulillahi. Naleta ripoti.

Tulilala Haima kwenda na Adam kurudi. Mpakani tulikaa saa moja na dakika ishirini, na kadi ya chungwa iliulizwa kitu cha kwanza, AbuSafari ubarikiwe. Kijana alilia kati ya Ibri na Adam, saa nzima bila ya kituo, kisha akaacha ghafla akaanza kuhesabu malori: "Hili. Hili. Hili." Vyumba vya zulia ndivyo vilivyotuokoa. Kimoja alikataa kutoka, ilibidi baba yake ambebe kama gunia.

Mlimani hakutapika. Mimi ndiye niliyetapika.

Fleti haikufanana na picha hata kidogo. Picha zilikuwa na bustani. Tulichopata ni ghorofa ya pili, ngazi hazina kishikio, na godoro limelowa unyevu wa msimu mpaka shuka linanata. Mwenye fleti akasema bustani ipo, na kweli ipo, ni ya jirani. Wanaokwenda na mtoto, ombeni video ya ngazi kabla ya kulipa. Na mito bebeni ya kwenu.

Lakini asubuhi ya kwanza. Nikamtoa kibarazani, manyunyu yale ambayo hata si mvua, ni kama hewa imelowa. Tone likamwangukia puani. Akainua uso, akatafuta. Akaangalia juu ya dirisha, akaangalia ukuta wa jirani, hakuona. Akanyoosha kidole mawinguni akasema, "Esi!" Mimi sikuelewa mpaka baba yake alipoanza kucheka. Mtoto amezaliwa Sharjah. Maji ya kutoka juu anayoyajua yeye ni yale yanayodondoka kwenye mashine za AC tukipita chini ya majengo. Siku zote sita akawa anasema esi. Mpaka tunaondoka hatujamgeuza, na sasa nyumbani akiliona bomba la kuogea anasema "mvua."

Darbat tulifika saa moja na nusu, tukapata ngamia na ng'ombe wako pamoja kwenye nyasi, kitu ambacho sijawahi kukiona popote. Tulikaa saa mbili sehemu moja. Maporomoko hayakumvutia hata kidogo. Alikuwa na kijiti na dimbwi. Mughsail tulitazama tukiwa ndani ya gari. Nabii Ayubu tulikwenda, ukungu ulikuwa mzito hata mlango wa kaburi tuliupata kwa kufuata watu. Wadi Dawkah, kwenye miti ya ubani, tulisimama wakati wa kurudi, dakika kumi, joto likatufukuza. Mama yangu anafukiza ubani miaka yote na hajui mti wake ukoje, nimempigia picha.

Mabanda ya matunda tulikwenda mara nne. Sitasema mengi. Mume alinunua madafu saba siku moja na hatuna mahali pa kuyaweka.

Na dada, mbeleko. Pale Darbat na mimi bibi mmoja aliniita, ila huyu hakutaka kuangalia tu, akaniletea mjukuu wake. Nikavua khanga, nikamfunga yule mtoto mgongoni kwa bibi yake, nikamrekebishia miguu. Bibi akaenda hatua tatu, akarudi, akaenda tena. Akaniombea dua ndefu sana ya Kiarabu, akapanda gari, wakaondoka. Na khanga yangu.

---

Bi_Mawaleh

Maskini! Ilikuwa imeandikwaje?

---

MwanaTanga_Sharjah

"Chuki zako hazinipunguzii riziki." Niliinunua kwa ajili ya wifi yangu mmoja. Afadhali yule bibi hasomi Kiswahili.